Frances Perkins: Mama aliyembana mwajiri achangie uzee wa mfanyakazi

Kila mwaka ikifika mwisho wa Januari, ndugu zetu wanaofanya kazi Marekani huanza kupokea karatasi za mapato yao ya mwaka uliopita. Wengine hupata fomu iitwayo W-2, wengine hupata iitwayo 1099. Wengi huzipokea zote kwa moyo mmoja, wakazipeleka kwa mtu anayewajazia kodi, habari ikaishia hapo. Lakini karatasi hizo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inasema wewe ulikuwa mfanyakazi, na mwajiri wako ametoa nusu ya mchango wa hifadhi ya jamii kwa ajili yako. Ya pili inasema wewe ni mkandarasi unayejitegemea, huna mwajiri, na mchango wote uko juu ya kichwa chako.

Watu wawili wanaweza kupokezana zamu kwa mzee yule yule, mmoja usiku na mwingine mchana, kazi ile ile na maagizo yale yale, mmoja akapewa W-2 na mwenzake 1099. Leo hawataona tofauti kubwa. Pengine wa 1099 ataonekana mjanja zaidi, kwa sababu hundi yake haina makato. Tofauti itajitokeza baada ya miaka 20 au 30. Kama wasemavyo vijana wa nyumbani, fainali uzeeni.

Mpaka huo kati ya mfanyakazi na mkandarasi una historia, na ndani ya historia hiyo yumo mwanamke mmoja ambaye wengi wetu tunakula matunda ya kazi yake bila kulijua jina lake. Anaitwa Frances Perkins. Alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani kuanzia mwaka 1933 hadi 1945, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la nchi hiyo. Alifariki mwaka 1965. Tumeona tuyasimulie maisha yake kwa sababu ndani yake mna ushindi mkubwa, na mna tundu ambalo hadi leo linawameza wageni kama sisi.

Alizaliwa Boston tarehe 10 Aprili 1880, akapewa jina la Fannie Coralie, na baadaye mwenyewe akajiita Frances. Alikulia Worcester katika jimbo la Massachusetts, ambako baba yake alikuwa na duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Haikuwa familia ya kimaskini. Wazee wake walikuwa watu wa Newcastle, jimbo la Maine, wenye shamba na desturi za kizamani, na katika nyumba ya aina hiyo mtoto aliweza kukua akiamini kwamba maskini ni mvivu au mlevi.

Imani hiyo ilimtoka chuoni. Alisoma Mount Holyoke, chuo cha wanawake, akamaliza mwaka 1902. Mmoja wa walimu wake aliwatuma wanafunzi waende viwandani wakajionee kwa macho yao jinsi watu wanavyofanya kazi. Binti Perkins akaona wanawake na watoto wakifanya kazi saa nyingi katika sehemu zisizo na usalama, akaona pia kwamba mtu akikatika mkono kwenye mashine, siku hiyo hiyo familia yake imekwisha. Hakukuwa na uvivu hapo wala ulevi. Kulikuwa na mtu aliyefanya kazi kwa bidii na asiwe na mahali pa kuegemea.

Alikwenda kufundisha karibu na Chicago, na muda wake wa mapumziko akautumia Hull House, nyumba maarufu iliyokuwa ikiwahudumia wahamiaji maskini wa mji huo. Moja ya kazi alizopewa huko ni kuwafuata waajiri waliokataa kuwalipa watu ujira wao. Hebu fikiria, ndugu msomaji, msichana msomi wa familia ya heshima anabisha hodi kwa mwenye karakana, anadai dola chache za mtu asiyejua Kiingereza. Hapo ndipo alipoanza kulijua tatizo kwa undani: mwajiri anayetaka kukwepa hakosi namna, na mfanyakazi akiwa peke yake hana nguvu ya kumfuata.

Kutoka Chicago alikwenda Philadelphia mwaka 1907. Huko alichunguza mawakala wa kazi, wale waliokuwa wakiwapokea wasichana wahamiaji na wasichana weusi waliotoka majimbo ya Kusini kwa ahadi ya kazi nzuri, kisha wakawatapeli. Kwa hiyo kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa ameshakutana na wale watu wawili ambao kila mhamiaji anawafahamu: bosi asiyetaka kulipa, na mtu wa kati anayesimama baina ya bosi na mfanyakazi ili lawama isimfikie bosi.

Aliendelea na masomo New York, akapata shahada ya pili ya Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1910, akaingia katika umoja wa watetezi wa wafanyakazi na walaji ulioongozwa na Florence Kelley. Ndipo ikafika Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911.

Mchana huo Perkins alikuwa akinywa chai nyumbani kwa rafiki yake karibu na uwanja wa Washington Square. Wakasikia kelele za magari ya zimamoto, wakatoka mbio. Jengo lililokuwa likiungua lilikuwa na kiwanda cha nguo cha Triangle katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto hazikufika juu kiasi hicho. Perkins alisimama pale chini akawaona wasichana wakijirusha kutoka madirishani. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano.

Kuna jambo moja kuhusu kiwanda kile ambalo husimuliwa mara chache, nalo linahusu sana habari yetu. Ndani ya Triangle ulikuwako mfumo wa wakandarasi. Wenye kiwanda walipatana na wakandarasi hao juu ya kazi, nao wakandarasi wakatafuta wasichana wao na kuwalipa walivyotaka. Mashine ni za kiwanda, chumba ni cha kiwanda, nguo ni za kiwanda, lakini wenye mali hawakujua hata idadi kamili ya watu waliokuwa wakiwafanyia kazi. Mlango ulikuwa wao, ufunguo wao, faida yao. Watu tu ndio hawakuwa wao.

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walifikishwa mahakamani mwezi Desemba 1911 wakaachiwa huru. Baadaye kesi za madai zilimalizwa kwa malipo ya dola 75 kwa kila marehemu.

Moto ule ulimgeuza Perkins. Tangu siku hiyo hakuridhika tena na kuandika ripoti, alitaka sheria. Jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, wakiwemo wanasiasa Al Smith na Robert Wagner, na Perkins akawa miongoni mwa waliowatembeza wakubwa hao viwandani. Husimuliwa kwamba alimfanya Wagner atambae kupitia kitundu kidogo ukutani kilichoitwa njia ya kutokea wakati wa moto, akatokeze kwenye ngazi iliyojaa barafu. Mheshimiwa akishatambaa mwenyewe, haina haja ya kumhutubia. Kazi ya tume hiyo ilizaa zaidi ya sheria 30 za usalama na saa za kazi.

Mwaka 1912, sheria ya kuwapunguzia wanawake kazi hadi saa 54 kwa wiki ilikuwa ikipiganiwa katika bunge la jimbo. Dakika za mwisho wabunge wakataka wafanyakazi wa viwanda vya kusindika vyakula waachwe nje. Wenzake Perkins walikuwa wameapa kwamba wote waingie au sheria isipite. Perkins akapima, akakubali. Aliona afadhali maelfu kwa maelfu wapate leo, waliobaki wafuatwe kesho. Ndugu msomaji aliweke moyoni jambo hili, maana lilijirudia miaka 23 baadaye kwa kiwango cha taifa zima.

Mwaka 1913 aliolewa na Paul Wilson, akashikilia kutumia jina lake mwenyewe, jambo lililozua maneno enzi hizo. Walipata binti mmoja, Susanna, mwaka 1916. Baadaye mumewe akaugua maradhi ya akili, akawa wa kuingia na kutoka hospitalini kwa muda mrefu wa maisha yake. Mzigo wa kuilisha nyumba ukamwangukia mke. Wapo wanasiasa wanaozungumzia ugonjwa na kukosa kipato kama hesabu za kwenye karatasi. Perkins hakuhitaji kuelezwa.

Al Smith alipokuwa gavana alimteua mwaka 1919 katika tume ya viwanda ya jimbo. Franklin Roosevelt alipomrithi alimfanya mwaka 1929 kuwa mkuu wa idara nzima ya kazi ya New York. Na Roosevelt aliposhinda urais, uchumi ukiwa umeanguka na mamilioni wakiwa hawana kazi, alimwita mapema mwaka 1933 nyumbani kwake New York akamtaka awe Waziri wa Kazi.

Perkins hakukimbilia cheo. Alikwenda na orodha. Alitaka misaada ya serikali kwa wasio na kazi, miradi ya ujenzi, kima cha chini cha mshahara, ukomo wa saa za kazi, marufuku ya kuajiri watoto, bima ya waliopoteza kazi, pensheni ya wazee na bima ya afya. Alimweleza rais mteule kwamba kama hayuko tayari kwa hayo, amtafute mtu mwingine. Roosevelt akakubali. Kwa miaka 12 iliyofuata mama huyu alifanya kazi ya kuifuta orodha ile, mstari mmoja mmoja. Alichokosa hasa ni bima ya afya.

Juni 1934 Roosevelt aliunda kamati ya mawaziri ya kutengeneza mpango wa hifadhi ya jamii, Perkins akiwa mwenyekiti. Hofu kubwa ilikuwa Mahakama ya Juu, ambayo ingeweza kuitupa sheria hiyo. Perkins mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika karamu moja ya chai jaji wa mahakama hiyo, Harlan Stone, alimnong'oneza kuwa njia salama ni mamlaka ya kutoza kodi. Ndiyo maana mchango wa hifadhi ya jamii Marekani ni kodi kisheria. Wajumbe walipokuwa bado wanavutana karibu na Krismasi ya mwaka huo, aliwaita nyumbani kwake, akaweka chupa ya wiski mezani, akawaambia hakuna kuondoka mpaka waamue. Waliamua usiku ule.

Roosevelt alitia saini tarehe 14 Agosti 1935. Makato yalianza Januari 1937: asilimia 1 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1 kutoka kwa mwajiri, kwa dola 3,000 za kwanza za mshahara wa mwaka. Kiwango cha juu kilikuwa dola 30 kwa mwaka kwa kila upande. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilisema sheria ni halali.

Tusimame kidogo hapa, maana moyo wa jambo ndio huu. Sheria ya Perkins haikumwambia mfanyakazi aende mwenyewe kuweka akiba. Jukumu lilitupwa kwa mwajiri. Yeye ndiye akate, yeye ndiye aongeze sehemu yake, yeye ndiye apeleke vyote serikalini pamoja na jina na namba ya mfanyakazi. Asipokata, bado anadaiwa. Hawezi kujitetea kwamba alisahau au kwamba mfanyakazi alikubali asikatwe. Na haki ya mfanyakazi ikajengwa juu ya ujira alioupata, si juu ya uaminifu wa bosi. Akithibitisha kwamba alifanya kazi na alilipwa, kipato hicho huandikwa kwenye hesabu yake hata kama bosi alikula michango.

Hayo ni mambo ya mtu aliyewahi kubisha hodi kwenye karakana za Chicago akidai ujira wa watu. Alijua kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwachia mwajiri hiari, uzee wa mfanyakazi utakuwa mwepesi sana mikononi mwake.

Pensheni za kila mwezi zilianza kulipwa Januari 1940. Aliyepata hundi ya kwanza ni Ida May Fuller wa Vermont, ambaye alikuwa amekatwa jumla ya dola 24.75 katika miaka 3. Hundi yake ya kwanza ilikuwa dola 22.54, na kwa kuwa Mungu alimjalia kufikisha miaka 100, alipokea zaidi ya dola 22,000 hadi kufa kwake.

Lakini wapo ambao hundi haikufika. Kamati ya Perkins ilitaka mpango uwachukue karibu wafanyakazi wote. Kisha Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, akaliambia Bunge kwamba itakuwa taabu kukusanya michango ya wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Bunge, ambalo kamati zake zilikuwa na wabunge wenye nguvu kutoka Kusini, likawaondoa. Wanahistoria wanabishana hadi leo kipi kilizidi, taabu ya ukusanyaji au ubaguzi. Juu ya matokeo hakuna ubishi: zaidi ya nusu ya wafanyakazi weusi waliachwa nje, kwa sababu kazi walizoruhusiwa kufanya zilikuwa hizo, shambani na jikoni kwa watu.

Perkins akameza, kama alivyomeza mwaka 1912. Tunaweza kumlaumu, na wapo wanaomlaumu. Tunaweza pia kujiuliza kama sheria yoyote ingepita bila kumeza huko. Sisi tunasema mambo mawili yote ni kweli. Alifungua mlango ambao haujafungwa tangu hapo, na waliobaki nje walilipa kwa miaka yao wenyewe, miaka ambayo hairudishwi na marekebisho ya sheria ya baadaye. Mpishi wa nyumba ya watu aliyezeeka mwaka 1949 hakufaidika na sheria ya mwaka 1950.

Kabla hatujafika huko, tuseme neno juu ya Perkins na wageni, maana sisi tuliokimbia na kalamu zetu hatuwezi kulipita. Idara ya uhamiaji wakati ule ilikuwa chini ya Wizara ya Kazi, hadi mwaka 1940. Wayahudi walipoanza kuikimbia Ujerumani ya Hitler, Perkins alipigana ndani ya serikali ili wafunguliwe mlango, huku Wizara ya Mambo ya Nje ikivuta kinyume. Hakushinda kwa kiasi alichotaka. Lakini mwaka 1938, baada ya mashambulizi ya Novemba dhidi ya Wayahudi, wageni wa Kijerumani wapatao 12,000 hadi 15,000 waliokuwa Marekani kwa viza za matembezi waliongezewa muda, na mkono wake ulikuwemo. Alipokataa pia kumfukuza nchini Harry Bridges, kiongozi wa makuli wa bandarini mzaliwa wa Australia aliyedaiwa kuwa mkomunisti, akisema ushahidi wa kisheria haujatosha, wabunge waliwasilisha hoja Januari 1939 ya kumshitaki ili aondolewe uwaziri. Kamati ya Bunge iliitupa hoja hiyo miezi michache baadaye. Maneno ya chuki yaliyomwandama yalimuumiza, lakini hakuyumba.

Aliondoka wizarani mwaka 1945 baada ya Roosevelt kufariki, na Rais Truman akampa nafasi katika tume ya utumishi wa umma hadi mwaka 1953. Akiwa huko, nje ya wizara yake ya zamani, lile tundu likaonekana waziwazi.

Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ilipelekewa swali hili: ni nani hasa mfanyakazi kwa mujibu wa sheria ya hifadhi ya jamii? Mfanyabiashara mmoja wa makaa ya mawe wa Topeka, Kansas, aitwaye Silk, alikuwa na watu wa kupakua makaa kutoka kwenye mabehewa. Walikuja na sururu na koleo zao wenyewe, walilipwa kwa tani, walikuja na kuondoka walipotaka. Silk alisema hao si wafanyakazi wake, ni watu wanaojitegemea. Mahakama ikakataa. Mtu mwenye koleo hana biashara, ikaona majaji, anauza jasho lake katika biashara ya mwingine. Lakini madereva waliomiliki malori yao na kuajiri wasaidizi wao, mahakama ikasema hao wanajitegemea kweli. Vipimo vilikuwa vya akili ya kawaida: nani anaongoza kazi, nani ameweka mtaji, nani anaweza kupata faida au hasara, uhusiano ni wa kudumu kiasi gani, na ujuzi gani unahitajika. Jina lililoandikwa kwenye mkataba halikuwa la mwisho.

Waajiri hawakufurahi. Juni 1948 Bunge likapitisha azimio la kuibana tena maana ya mfanyakazi, irudi kwenye kanuni za zamani ambazo uzito wake mkubwa uko kwenye nani anamwongoza nani. Truman alikataa kutia saini akieleza kwamba mamia ya maelfu ya watu wangepoteza kinga yao. Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Hivyo, kwa kubadilisha maana ya neno moja, michango ya watu wengi ilihama kutoka kwa mwajiri na kwenda hewani.

Marekebisho ya mwaka 1950 yaliziba baadhi ya nyufa. Wafanyakazi wa majumbani na mashambani wenye kazi za kudumu waliingizwa, na mwaka 1954 wakaongezwa wengine. Watu wengi wanaojitegemea nao waliingizwa, ila kwa sharti la kujilipia wenyewe. Hilo lilikuwa jambo jema kwa fundi mwenye karakana yake. Lakini mwajiri mjanja naye akapata pa kupitia: badala ya kumtupa mfanyakazi nje kabisa ya mpango, anamwita mkandarasi, na mchango wote unamhamia yeye.

Perkins alimalizia maisha yake akifundisha katika shule ya mahusiano ya kazi ya Chuo Kikuu cha Cornell, kuanzia mwaka 1957. Alifariki New York tarehe 14 Mei 1965, akazikwa Newcastle, Maine. Jengo la Wizara ya Kazi mjini Washington lilipewa jina lake mwaka 1980, na Desemba 2024 nyumba ya ukoo wao huko Newcastle ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Sasa turudi kwenye zile karatasi mbili. Leo mfanyakazi wa W-2 hukatwa asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni na matibabu ya uzeeni, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Wa 1099 hutozwa asilimia 15.3 ya mapato halisi yake mwenyewe, ingawa hupata nafuu kidogo kwenye kodi ya mapato. Ili apate pensheni anahitaji pointi 40, na kwa mwaka mmoja haziwezi kuzidi 4, yaani si chini ya miaka 10 ya kazi iliyoandikwa. Ndugu yetu anayelipwa kwa 1099 na asiitangaze, akidhani amewapiga chenga, amejipiga chenga mwenyewe. Atabeba boksi miaka 15, siku ya kustaafu ataambiwa hajulikani.

Na sheria haijamfunga mikono. Kama unapangiwa saa, unaelekezwa namna ya kufanya, huwezi kumtuma mtu mwingine badala yako na huna mtaji wako humo, basi huenda wewe ni mfanyakazi hata kama ulitia saini mkataba wa ukandarasi. Mamlaka ya kodi, IRS, ina fomu SS-8 ya kuomba uamuzi juu ya hilo, bila malipo. Ipo pia fomu 8919, inayomwezesha aliyeitwa mkandarasi kimakosa kulipa sehemu yake tu ya mchango na kuandikiwa kipato chake. Familia inayomwajiri mtu wa kulea mzee au mtoto nyumbani nayo ni mwajiri: kwa mwaka 2025, kama ilimlipa dola 2,800 au zaidi, ilipaswa kuchangia. Makosa kwenye hesabu yako ya hifadhi ya jamii kwa kawaida hurekebishwa ndani ya miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka husika, kwa hiyo ifungue uitazame kila mwaka, na hifadhi stakabadhi za malipo. Mwenye wasiwasi na makaratasi yake ya ukaazi amwone mwanasheria kwanza.

Kwa walioko nyumbani, jambo ni lile lile ingawa sheria ni nyingine. Tanganyika ilianzisha mfuko wake wa akiba ya wafanyakazi mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Leo mchango wa NSSF ya Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya kesi ndefu, inataka asilimia 6 kutoka kila upande. Huko nako mlinzi, mfagizi na mjenzi huletwa na kampuni ya kati, na ikifika siku ya mafao kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Tena Marekani, hadi tunaandika, haina mkataba na Tanzania wala Kenya wa kujumlisha miaka ya kazi ya huku na ya kule. Miaka 8 ya Dar es Salaam haiwezi kuongezwa kwenye miaka 8 ya Houston ili zifike 10.

Akiba haiozi, walisema wazee wetu, lakini lazima iwe imewekwa. Frances Perkins alitumia nusu karne kuhakikisha kwamba anayenufaika na jasho la mtu ndiye anayebanwa kuiweka. Hakumaliza. Kazi iliyobaki kwa kila mmoja wetu inaweza kuanza na swali dogo siku ya kwanza ya kazi, kabla ya kushika kalamu ya kutia saini: katika kazi hii, mwajiri wangu ni nani, na mchango wangu anaupeleka nani?